Mti Usio na Kazi

Tulimzika Shangazi Minza akiwa amefungwa kitenge cha maua makubwa mekundu ambacho alikichukia tangu siku alipopewa. Nilipowauliza wanawake waliomwosha kwa nini hawakumtafutia kingine, walitazamana, kisha mmoja akaniambia marehemu hachagui. Msibani mtu wa mjini akianza kusahihisha mambo husemwa amekuja kurithi vyombo. Lakini nilikasirika sana, na hasira ile ilinisaidia, maana bila hiyo ningelia mbele ya wapishi, nami si mtu wa kulia mbele ya watu. Nimeishi Kahama miaka mingi nikishona nguo, nimekuwa bibi wa wajukuu, na wateja wangu wanajua nina mdomo. Hawajui kwamba mdomo huu niliupata kwa mwanamke mmoja kijijini, mbele kidogo ya mji wa Didia, mwaka niliokaa kwake nikiwa msichana aliyemaliza shule na asiyejua aende wapi. Nauandika mwaka ule sasa kwa sababu katika nyumba ile tulikuwa watatu tuliokula sahani moja, na nimebaki mimi.

Nilipewa chumba ambacho kwa kweli kilikuwa ghala. Kitanda changu kiliwekwa kati ya gunia la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa mpaka vikawa vigumu, na vikapu vya nsansa, majani ya kunde ya kula kiangazi. Juu ya kichwa changu zilining'inia kamba za mlenda mkavu, na uvunguni kulikuwa na mizizi ambayo kila mmoja ulikuwa na harufu yake. Usiku wa kwanza nilipiga chafya mpaka Masanja akacheka upande wa pili wa ukuta. Masanja alikuwa kijana wa umri wangu kwa kukaribia, mrefu, mwenye mikono isiyotulia. Shangazi hakumzaa, alimpokea akiwa mchanga na kumlea, na kijiji kizima kilimwita Mama Masanja. Katika nyumba nyingine za kwetu wanaume walitengewa chakula chao. Shangazi alikataa. Alisema ana mwiko mmoja na sahani moja, anayetaka kutengewa aoe. Basi tulikula pamoja ugali wa mtama uliosongwa kwa maji ya ushishi, yaani ukwaju, mchachu kidogo, kwa nsansa iliyoungwa karanga, na Masanja alikula haraka kiasi kwamba nilijifunza kutopiga soga mezani.

Vitu vyote vile ghalani vilitoka shambani au vilitoka kwenye ngitili. Ngitili ni msitu wetu wa kufungwa. Mvua zikianza unafungwa, hakuna ng'ombe kuingia, majani yanaota mpaka kiunoni, na kiangazi kikikausha kila mahali ndipo kikao cha wanakijiji, dagashida, kinaufungua kipande kwa kipande. Mifugo ya mtu ikiingia kabla, mwenyewe anatozwa mchenya, ambayo ndiyo faini yetu, naye hulipa bila kubishana. Wanawake tuliruhusiwa kuingia wakati wote kuokota, ila si kukata. Mwanzoni niliuchukia. Miiba ya migunga ilinichania gauni langu pekee la maana, na Shangazi hakunionea huruma. Alitembea mbele akiitaja mimea kana kwamba anapita mtaani kwa majirani. Mtundwa alimwita mchoyo, kwa sababu matunda yake yanakusubiri mpaka ugeuke ndipo yadondoke. Mfuru aliusema vibaya kwa kuchelewa. Mikole aliisifu, inalisha watoto na inatoa kamba. Mikwaju ndiyo aliyoiheshimu kuliko yote, akifika chini yake alipunguza sauti. Nilianza kwa kumcheka, na mvua za kwanza zilipokwisha nilikuwa nimeshajikuta nami nautukana mtundwa.

Mwaka ule upepo uling'oa bati za darasa, na watoto wakawa wanasomea juani. Ndipo akaja Baba Rukia. Alikuwa mfanyabiashara wa Kagongwa, Mwislamu, mtu wa kofia safi na maneno mapole, ambaye babu zake walifuata reli kutoka Tabora na hawakurudi tena. Lori lake lilipeleka matimba kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita. Matimba ni magogo yanayoegemezwa kwenye kuta za duara, shimo la wachimbaji, ili udongo usiwaangukie. Alisema tukimpa miti iliyonyooka, yeye ataezeka darasa. Wazee walimkalisha, wakampa maziwa mgando, wakamsikiliza.

"Mimi sitaki msitu wenu, wazee wangu," alisema. "Nataka iliyonyooka tu."

"Iliyonyooka ndiyo msitu wenyewe," akajibu Mzee Luhende, aliyeongoza dagashida. "Iliyopinda ni kuni."

Watu walicheka, lakini bati zilihitajika. Kwetu mti wa ngitili haukatwi akiwepo mtu wa kuusemea. Kikao kinatembea msituni, kinasimama mbele ya kila aina, na mtu yeyote, mzee au binti, akisimama akataja kazi ya mti ule, unaachwa. Nilikwenda na Shangazi siku ya kikao hicho na sijawahi kuhudhuria mkutano mtamu namna ile. "Huu ndio uliomponya mwanangu tumbo," alisema mama mmoja, ukaachwa. "Huu mipini yote ya majembe ya kwangu." Ukaachwa. Mzee mmoja mpenda pombe aliukumbatia mgunga akasema hapo ndipo anapopumzika akitoka kilabuni, na mkewe anajua pa kumtafuta. Wakacheka mpaka wakakaa chini, nao ukaachwa. Mkwaju hakuna aliyehitaji kuusemea. Baba Rukia alitufuata nyuma akijifuta jasho, akiona lori lake likipungua mzigo, na bado alikuwa akitabasamu.

Mwisho tukafika kwenye mawe, yale majabali ya upande wa magharibi. Pale uliota mti ambao hata jina la kueleweka hatukuupa, tuliuita mti wa mawe. Ganda laini, shina limenyooka, ndani mweupe. Kikao kikasimama, hakuna aliyefungua mdomo. Jua lilikuwa kali, watoto wachanga walishaanza kulia migongoni, na Mzee Luhende akageuka.

"Mama Masanja, wewe ndiye unayeijua hii. Huu vipi?"

Shangazi aliushika, akauchuna ganda kwa kucha, akanusa. Namwona mpaka leo, amefunga kanga kiunoni, amekunja uso kwa jua. Alijibu taratibu, kwa haki, kama mtu anayempima mwenzake bila kumwonea. "Mbuzi hali majani yake. Moshi wake unatoa machozi. Hauna tunda la mtu, hauna dawa, nimejaribu. Huu hauna kazi."

"Hauna kazi," Mzee Luhende akarudia, watu wakapiga makofi, na vijana wakaingia na mashoka. Masanja alikuwa wa kwanza.

Aliondoka na mzigo ule ule. Baba Rukia alihitaji kijana wa kupakia na kushusha, na Masanja alikuwa amechoka kuchunga. Siku ya kuondoka Shangazi alimfungia michembe na bonge la ushishi kubwa la kumtosha nusu mwaka, akamsonya kwa kuvaa shati lisilo na kifungo. Mimi ndiye niliyekishona kile kifungo, akiwa amelivaa, nikimchoma kusudi.

"Mayu," Masanja alimwambia, ndivyo alivyomwita, mama, "ngitili ikifunguliwa nitakuwa hapa. Nani atakuchungia ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu wana miguu."

"Na wewe?"

"Mimi nina mdomo. Nenda."

Kisha akamshika Baba Rukia mkono kwa mikono yake miwili. "Huyu nakukabidhi." Na Baba Rukia akasema, "Nimempokea, mama." Siku hizi nikisikia watu wakikabidhiana watoto kwa maneno mepesi kwenye vituo vya mabasi, huwa naondoka karibu nao.

Nyumba ilikuwa kimya, na chakula kikawa kinabaki. Kila lori lilipopita Baba Rukia alileta salamu. Masanja ameacha kupakia, ameshuka duarani na wenzake, anasema kazi ni ngumu ila hajambo. Masanja anasema ushishi umeisha, wenzake wanautia kwenye maji ya kunywa. Shangazi alikuwa akilalamika kwamba yeye halishi mgodi mzima, na kesho yake tulikuwa chini ya mikwaju tangu asubuhi. Jioni tuliketi jikoni tukimenya ukwaju, vidole vikinata, naye akipanga kwa sauti mahali Masanja atakapojenga akirudi, na mlango utazame wapi. Mimi nilimwambia labda ataoa Geita, mtoto wa watu wa huko. "Atamleta hapa," alisema. "Nitamwonyesha mtundwa." Nadhani hizo ndizo jioni nilizopata furaha kuliko zote za ujana wangu, nami wakati ule nilidhani nimechoshwa.

Kiangazi kilikaribia, majani ya ngitili yakawa ya njano. Asubuhi moja Baba Rukia akaja bila lori, katika gari la kukodi, na gunia la mchele. Alisimama uani akavua kofia. Shangazi alikuwa anapepeta mtama. Aliuweka ungo chini, akausukuma pembeni ili mtu asiukanyage, ndipo akaanguka.

Maiti ilifika na vijana wawili waliofanya kazi na Masanja, mmoja wa Kigoma na mmoja wa Singida, wana wa watu, weusi kwa uchovu. Duara liliwaangukia, wao wakatoka, yeye hakutoka akiwa hai. Baada ya mazishi wanaume walikaa nje ya ukuta wa jiko, na jiko lile la miti na udongo lilikuwa na matundu, kila neno likipita. Wanawake walimkataza Shangazi kupika. Aliwaambia hawezi kukaa mikono mitupu, akachukua mwiko. Nilikuwa nimeshika sufuria isitikisike. Nje, yule wa Kigoma alikuwa anaeleza.

"Timba likizidiwa linalia, baba. La mgunga linalia mapema kabisa, linalia kama mlango mbovu. Ukilisikia unaacha kila kitu unapanda."

"Sasa siku hiyo?" mzee mmoja akauliza.

"Haya hayakulia. Yalikuwa mazuri kuyatazama. Yakakatika kimya."

Mwiko ulisimama. Shangazi akatoka nao mkononi, ugali ukidondoka, akawafikia pale walipokaa, nao wakainuka kwa heshima.

"Yalikuwa na ganda laini? Ndani meupe?"

"Ndiyo, mama. Yaliletwa na lori la mzee huyu."

Baba Rukia alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama Masanja," alisema, "Wallahi sikujua. Miti yote kwangu mimi ilikuwa miti."

"Wewe hukuulizwa," Shangazi akasema. "Niliulizwa mimi."

Akarudi jikoni, akamaliza kusonga. Ugali uliiva vizuri, watu wakala. Nimesimulia mambo mengi maishani mwangu kwa wateja wanaongoja nguo zao, hili sijawahi kulisimulia, kwa sababu kila ninapofika hapa pa ugali nainamia cherehani na kuanza mshono mwingine.

Ngitili ilifunguliwa bila Masanja. Siku ya dagashida Shangazi alikwenda akiwa amevaa vizuri, akiswaga ng'ombe wake mmoja dume, akasimama katikati kabla ya mtu yeyote kuzungumza. "Nitozeni mchenya," alisema. Mzee Luhende akamuuliza kosa gani. Akasema ametoa ushahidi wa uongo juu ya mti. Wazee walishikwa na aibu, wakatazama chini. Luhende akamwambia kwa upole, hukujua, Mama Masanja, hakuna anayetozwa kwa kutojua.

"Ng'ombe akiingia ngitili hajui," akajibu. "Na mwenye ng'ombe mnamtoza."

Nilitamani wamtoze. Nilikuwa msichana, lakini niliona wazi kwamba wangempokea yule dume, wakamla, wakafuta midomo, yeye angelala usiku ule. Wema wao ulikuwa unamwacha na mzigo mzima. Luhende akasema msiba haulipiwi, akamwomba akae. Hakukaa. Akasema basi miti ya mawe iliyobaki isikatwe. Luhende, ambaye alikuwa mtu wa kanuni, akauliza kwa unyonge kabisa: ataisemea kwa kazi gani?

"Sijui," Shangazi akasema. "Niacheni niitafute."

Wakamwachia. Tangu hapo hadi nilipoondoka nyumba yetu ilikuwa ya majaribio. Alichemsha ganda la mti ule, akanywa, akatapika. Alimnyima mbuzi majani mengine siku nzima ili ale hayo, na mbuzi akamtazama kwa dharau. Alipaka utomvu kwenye kidonda chake mwenyewe, kikavimba. Alichanganya majivu yake na maharage ya mbegu, wadudu wakala maharage na majivu. Kuna siku nilicheka, naye akacheka pia, mara ya kwanza tangu tuzike, kisha akajifunika uso kwa kanga na kicheko kikageuka kilio. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba huzuni ina mwisho kama mwaka ulivyo na mwisho, na nilipopata nafasi ya kujifunza cherehani Kahama niliondoka nikiwa na hakika nitamkuta amepona.

Nilimtembelea miaka yote, si mara nyingi kama nilivyopaswa. Simu zilipoingia tulizungumza. Mwanzoni alinieleza majaribio yake, baadaye akaacha, nikadhani amekata tamaa au amesahau, nami nikashukuru. Kila nilipokwenda aliniomba vipande, vile vitambaa vinavyobaki chini ya meza ya fundi. Nikambebea mifuko kwa mifuko. Nilidhani anajazia mito. Nilimtania kwamba ana mito mingi kuliko vichwa, naye akasema, "Wewe leta tu."

Jumapili, siku moja baada ya kuanua matanga yake, nilikwenda ngitili peke yangu, kwa sababu nyumbani walikuwa wanagawana vyungu. Nilipita mikole, nikampita mtundwa bila kumtukana. Upande wa mawe uliokatwa mwaka ule bado ni jabali tupu na mbigili, joto linapanda usoni. Miti haikurudi pale. Upande wa pili ilikuwepo, ile aliyoiombea, imenenepa, na chini ya kila mmoja, kwenye kivuli kile ambacho sisi sote tulipita bila kukitazama, palikuwa na mikwaju michanga. Palikuwa na mikole pia, na mfuru mmoja, na majani laini nisiyoyajua. Ndege na tumbili hudondosha mbegu kila mahali, lakini juani kwenye mawe haziishi. Zinaishi hapo. Mikwaju mingine ilikuwa imenizidi kimo. Yote ilikuwa imezungushiwa uzio wa miiba ili wanyama wasiiguse, ile mikubwa uzio wake umeshaoza, ile midogo bado mpya. Na kila uzio ulikuwa umefungwa kwa vipande. Niliziona sare za shule nilizoshona, gauni la harusi la mteja wangu wa zamani, suruali za makarani. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa imefungwa pale kwa mafundo madogo ya mkono wake. Vipande vyangu vilipokuwa havitoshi alichana vya kwake: niliitambua kanga aliyoivaa siku ile ya kikao, na vitenge vizuri nilivyomnunulia mwenyewe. Alikuwa amemaliza sanduku. Alikuwa amebakiza kile cha maua mekundu, na wanawake waliomwosha walikuwa wamenificha aibu yake kwa kusema marehemu hachagui. Hapo nililia, peke yangu, kwa sauti, na sikujali.

Aliijua kazi ya mti ule miaka na miaka, na hakuwahi kuipeleka dagashida. Nadhani aliogopa kuulizwa tena.

Jumatatu dagashida ilikutana. Wamo vijana wengi sasa, na anayeongoza ni mtoto wa Mzee Luhende, mtu mwenye adabu, aliyeniamkia "Shikamoo, mama" mbele ya wote. Baada ya kutoa pole alisema kuna mtu wa matimba ameleta maombi. Akakumbusha, kwa sauti ya kusikitika, kwamba miti ya mawe ilikuwa haijasemewa, iliachwa kwa heshima ya Mama Masanja aliyeomba kuitafutia kazi, na sasa aliyekuwa akitafuta ametangulia. Akauliza kama yupo wa kuisemea.

Mimi si mkazi wa pale, lakini nilikula sahani ya nyumba ile. Nikasimama.

"Unalea," nikasema.

Akasubiri niendelee. "Unalea nini, mama?" akauliza.

"Watoto wa wengine," nikamwambia, nikakaa.